Mguu umerudi lakini bado anaanguka: mwongozo kamili wa balansi, akili na shughuli za kila siku nyumbani baada ya kiharusi

Familia nyingi zikitoka hospitali na mgonjwa wa kiharusi, macho yote yanahamia kwenye mkono na mguu. Mguu unanyanyuka? Vidole vinakunja? Watu wanakanda, wanasugua mafuta, wanamvuta asimame, na baada ya muda mguu unakubali kweli, mzee anatembea sebuleni na fimbo yake, ndugu wanarekodi video wanatuma kwenye grupu la familia. Halafu anaanguka chooni. Au anaanguka mlangoni kwasababu jirani kapiga hodi na yeye kageuka haraka kuitikia. Hapo sasa ndo maneno yanaanza, mara amekuwa mbishi, mara hasikii akiambiwa, mara hii siyo ya hospitali tena.

Mimi nasema hivi: kusimama na kutembea siyo kazi ya miguu peke yake. Ni kazi ya ubongo, na ni ubongo uleule unaotumika kukumbuka, kupanga, kuangalia pande zote na kujizuia usikurupuke. Kiharusi kikigusa ubongo vinaweza kuguswa vyote kwa viwango tofauti, kwahiyo mtu anaweza kuwa na mguu mzuri tu na bado asiweze kuoga, kuvaa wala kwenda dukani mwenyewe. Ukishughulika na goti ukaacha umakini wake, utapata mtu mwenye nguvu ya kutosha kuinuka na kuanguka.

Mwongozo huu ni wa we unayeuguza nyumbani. Hauchukui nafasi ya fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wala daktari, ila ukweli ni kwamba fizio unamuona mara moja moja na nyumbani ni kila siku, kwahiyo kazi kubwa iko mikononi mwako.

Kwanza uelewe kinachotokea

Mtu anasimama wima kwa kukusanya taarifa toka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo pamoja na viungo. Ubongo unajumlisha hizo taarifa na kurekebisha misuli kabla hata hujajua umeyumba. Baada ya kiharusi nyayo ya upande mmoja mara nyingi ina ganzi, basi mgonjwa anaanza kuyategemea macho kupita kiasi. Ndo maana umeme ukikatika usiku akiwa katikati ya korido anaganda au anaanguka palepale. Na ndo maana pia kanisani watu wakisimama kuomba macho yamefumbwa, yeye anayumba mpaka ashike benchi. Mwambie aombe macho wazi au akae, Mungu anasikia. Kwa Muislamu, sehemu ya hatari kuliko zote ni kuosha mguu kwenye udhu, pale anapopandisha mguu mmoja kwenye sinki na sakafu imelowa. Aoshe akiwa amekaa kwenye kiti, na kuswali akiwa amekaa inaruhusiwa kwa mgonjwa, asilazimishe kusujudu chini wakati kuinuka bado hawezi.

Jambo la pili ni umakini. Mimi na we tunatembea huku tunapiga stori kwasababu hatufikirii hatua zetu. Mgonjwa wa kiharusi kila hatua anaifikiria. Umakini wake kwa siku ni kama hela ya matumizi iliyopungua, ukiitumia kujibu swali haibaki ya kunyanyua mguu. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu wazee wanaoishi kwenye makazi ya kutunzia wazee, wakaona kwamba wale ambao wakiongeleshwa wakati wanatembea wanasimama kwanza ndo wajibu, ndio walioanguka zaidi ndani ya miezi sita iliyofuata. Jambo dogo hivyo, na unaweza kuliona mwenyewe hapohapo sebuleni.

La tatu, upande wa ubongo ulioguswa. Kiharusi cha ubongo wa kulia kinadhoofisha upande wa kushoto wa mwili, na hawa mara nyingi wanaongea vizuri kabisa, wanakuchekesha, mpaka unasema kichwa kiko salama. Kumbe wengi wao wanausahau upande wa kushoto wa dunia, wanakadiria umbali vibaya, wana haraka, na wengine hawaamini kabisa kwamba wanaumwa. Mtu anakwambia "mimi mzima" na mguu umelala. Siyo ubishi, ubongo wake hauioni hiyo shida. Hawa ndo wa kuwaangalia kwa karibu zaidi kwa kuanguka. Kiharusi cha ubongo wa kushoto kinadhoofisha upande wa kulia na kwa watu wengi kinagusa kuongea. Huyu anaweza kushindwa kusema neno "kikombe" na bado akajua kila kinachoendelea ndani ya nyumba, kwahiyo tafadhali msimuongelee kama hayupo, na msimpime akili kwa maswali ya mdomo mkasema ameisha.

Hatua ya 1: Muangalie kabla hujamfundisha

Chukua siku mbili tatu za kuangalia tu. Andika kwenye daftari. Vipimo hivi vidogo havitoi jina la ugonjwa, vinakuonyesha mahali pa kuanzia, na ukivifanya uwe na mtu wa pili karibu wa kushika.

Kukaa. Akae ukingoni mwa kitanda, miguu chini, bila kuegemea, dakika mbili. Anainama upande mmoja? Anajua kwamba anainama? Kuna wengine wanajisukuma kwa mkono mzima kuelekea upande dhaifu, na ukiwarudisha katikati wanapinga kwa nguvu wakiona unawaangusha. Ukiona hivyo usianze kutembea kabisa, mpeleke kwa fizio kwanza, maana huyu picha yake ya wima imehama.

Kuinuka na kutembea. Kama anaweza kutembea, weka kiti, pima mita 3, weka alama chini. Ainuke, aende mpaka alama, ageuke, arudi, akae. Pima muda kwa simu. Apumzike. Sasa rudia, safari hii atembee huku anahesabu kurudi nyuma toka 20, au kama hesabu ni ngumu ataje majina ya samaki au matunda. Ulinganishe. Kama muda umeongezeka sana, au amesimama, au ameacha kuhesabu, au hatua zimekuwa za kuburuza, umeshajua kwamba kutembea kwake bado kunakula umakini wote.

Upande uliosahaulika. Tawanya vifuniko vya soda 20 mezani, kumi kushoto, kumi kulia, mwambie aviokote vyote. Akiacha vya kushoto na kusema amemaliza, hapo pana tatizo. Dalili zingine utaziona bila kipimo: anaacha nusu ya chakula kwenye sahani na kusema kimeisha, ananyoa ndevu upande mmoja, anagonga bega kwenye fremu ya mlango kila siku bega lilelile.

Kumbukumbu na kupanga. Mwambie vitu vitatu vya kununua dukani, baada ya dakika tano muulize. Halafu muombe akuonyeshe (siyo akuelezee) anavyopika chai, we ukiwa pembeni umenyamaza. Chai inafichua mengi. Kuna atakayewasha jiko kabla ya kuweka maji, kuna atakayeweka majani mara mbili, kuna atakayesimama katikati hajui kinachofuata, na kuna atakayemaliza vizuri akaacha gesi inawaka.

Hatua ya 2: Nyumba ibadilike kabla yeye hajabadilika

Hapa ndo matokeo ya haraka yalipo. Kila kitu unachokiondoa njiani ni kitu ambacho ubongo wake hauhitaji tena kukifikiria.

Anza na njia moja tu: kitanda mpaka chooni. Iwe wazi usiku na mchana. Toa mkeka na zulia lenye kona zilizonyanyuka, toa waya wa chaja, toa ndoo, toa viatu vya watoto. Kizingiti ukipake rangi inayoonekana au ubandike tepu ya njano. Weka taa ya kuchaji inayowaka yenyewe umeme ukikatika, na tochi mahali pamoja ambapo hapabadiliki, upande wa mkono wake mzima.

Chandarua. Sijui kwanini hakisemwi. Mtu anaamka saa nane usiku na usingizi, mkono mmoja, anapambana na neti iliyochomekwa chini ya godoro, miguu inanasa, anatoka na kichwa mbele. Ichomeke pande zote isipokuwa upande anaotokea, na upande huo acha ifunguke kama pazia.

Ndala ziachwe. Mguu dhaifu haushiki ndala, inabaki nyuma au inajikunja mbele. Anatakiwa kiatu kinachoshika kisigino, soli isiyoteleza, hata kama ni raba ya bei rahisi.

Choo cha kuchuchumaa kinahitaji balansi kubwa sana na magoti yenye nguvu, kwa wengi hakiwezekani miezi ya mwanzo. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti kigumu cha mbao katikati kikakaa juu ya tundu, miguu ya kiti iwe mipana isicheze. Fundi wa kuchomelea akupe bomba la kushika, lifungwe ukutani upande wa mkono mzima, na ulijaribu kwa uzito wako mwenyewe kabla yake. Sakafu ikaushwe kila anapoingia mtu kabla yake, hii iwe sheria ya nyumba nzima wakiwemo wageni.

Na kelele. TV, redio, watoto, wageni watano wanaompa pole kwa pamoja. Wakati anatembea, kimya. Watoto wanaelewa haraka kuliko watu wazima, ukiwaambia babu akitembea tunanyamaza, wananyamaza.

Hatua ya 3: Kuinuka kwenye kiti, zoezi moja linalobeba mengine yote

Kama una nguvu ya kufundisha kitu kimoja tu, fundisha hiki. Kuinuka kunaingia kwenye choo, kitanda, kula, gari, msikitini, kila mahali, na kunajenga mguu na balansi kwa pamoja.

Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, kimeegeshwa ukutani. Kimo chake kiwe ambacho akikaa nyonga ziko sawa na magoti au juu kidogo. Sofa linalozama halifai. Asogee mpaka ukingoni. Nyayo zote mbili chini zimeachana kidogo, visigino vimeingia nyuma ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu (wengi wanaogopa hapa, wanainuka wakiwa wameegemea nyuma, na ndo wanarudi kukaa kwa kishindo). Asukume kwa miguu yote miwili, uzito usiwe wote mguu mzima. Akishasimama ahesabu mpaka tano kabla ya hatua ya kwanza, maana presha inaweza kushuka ghafla akiinuka na kizunguzungu kikamkuta njiani. Akitoka kulala akae kwanza ukingoni dakika moja au mbili.

Kukaa nako kuna utaratibu: arudi nyuma mpaka ahisi kiti kinagusa miguu yote miwili, apapase mkono wa kiti, ndo ashuke taratibu. Wengi wanajitupa wakiwa bado hawajafika.

Sasa upande wa akili. Chagueni maneno manne tu, nyumba nzima myatumie hayohayo kwa mpangilio uleule: Sogea. Miguu. Inama. Simama. Baba akisema hivi, dada akasema vingine, mjukuu naye akasema "we amka tu babu", mgonjwa mwenye kumbukumbu dhaifu anaanza upya kila siku. Mwanzoni we ndo unayasema, baadaye ayaseme yeye kwa sauti, baadaye ayaseme kimoyomoyo. Mtu mwenye kumbukumbu mbovu anajifunza vizuri zaidi ukimzuia kukosea mapema kuliko kumuacha akosee ndo umkosoe, kwasababu kosa lenyewe nalo linakaa kichwani. Fanyeni mara tano tano, mara kadhaa kwa siku, mkiongeza pale inapokuwa rahisi.

Na usimvute mkono dhaifu wala kumnyanyua kwa kwapa. Bega la upande uliopooza linachomoka kirahisi na maumivu yake yanadumu. Mfunge mkanda mpana au kanga iliyokunjwa kiunoni, imara, na we ushike hapo.

Hatua ya 4: Ongeza mzigo mmoja mmoja

Watu wengi wanakosea kwa kuruka: mgonjwa katembea chumbani kimya, basi kesho anapelekwa sokoni. Panda hivi.

Anza kimya kabisa. Unatembea naye upande dhaifu, nyuma kidogo, mkono kwenye kanga. Fimbo anaishika mkono mzima, siyo upande mbovu kama wengi wanavyodhani. Akiwa na uhakika hapo, ongeza mazungumzo mepesi, swali la ndiyo au hapana. Halafu maswali ya kufikiria kidogo, leo siku gani, jana tulikula nini, taja wajukuu. Halafu ongeza kitu mkononi, kama hahitaji fimbo tena: kikombe cha plastiki kitupu, kisha chenye maji nusu. Halafu mazingira: uani kwenye mchanga, kwenye mteremko mdogo, mahali watoto wanapita.

Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati. Akianza kusimama katikati, kuburuza mguu, kuyumba au kuwa mkali, huo mzigo umezidi, rudi ngazi moja nyuma, bila kumsema. Hasira ghafla kwa mgonjwa wa kiharusi mara nyingi ni ishara ya ubongo uliochoka.

Wakati huohuo mpe sheria ya maisha ya kawaida: simama kwanza, ndo uongee. Simu ikilia, asimame, ashike kitu, ndo apokee. Akiitwa, asimame, ageuke mwili mzima kwa hatua ndogondogo, asigeuze shingo huku miguu inaendelea. Na nyie msimuite kwa nyuma. Mazoezi yanapandisha uwezo wake taratibu, sheria inamlinda leo, anahitaji vyote viwili.

Ngazi za nyumba: kupanda anatanguliza mguu mzima, kushuka anatanguliza mguu dhaifu, mkono umeshika reli. We ukae chini yake siku zote, akipanda uwe nyuma na akishuka uwe mbele.

Hatua ya 5: Ingiza yote kwenye shughuli zenyewe

Zoezi la kunyanyua mguu mara ishirini kitandani lina faida yake, ila mtu anaporudi kwenye maisha ni kwa kufanya yale ya maisha. Chagueni shughuli moja anayoitaka yeye. Mwingine anataka kuoga bila mtoto wake kumuona, mwingine anataka kurudi kwenye kiduka chake. Anzeni na hiyo.

Kuoga. Vitu vyote viwe ndani kabla hajaingia, sabuni, dodoki, taulo, nguo, maana kinachoangusha ni kukumbuka sabuni ukiwa tayari umesimama umelowa. Aoge amekaa. Ndoo iwe juu ya kigoda mbele yake asilazimike kuinama mpaka chini. Maji ya moto yapimwe kwa mkono mzima, mkono wenye ganzi hautamwambia kwamba anaungua. Mlango usifungwe kwa komeo ndani.

Kuvaa. Akae. Nguo zipangwe kitandani kwa mfuatano, ya kwanza kuvaliwa juu. Mkono dhaifu unaingia kwanza kwenye shati na unatoka mwisho. Shona kipande cha uzi mwekundu ndani ya shingo ya nguo upande wa nyuma, kwa anayechanganya mbele na nyuma kinamsaidia sana. Dera, kanzu fupi, suruali ya lastiki, hizi ni nyepesi kuanza nazo, ila dera refu linaloburuza likatwe.

Kupika. Jiko la mkaa chini sakafuni linamtaka ainame, asimame, ageuke na sufuria, yote hatari. Apike akiwa amekaa mezani, kitu kisichobebwa kikiwa cha moto. Gawanya chai kwenye hatua tano au sita, ziandike kwa herufi kubwa au uzichore kama hasomi, bandika ukutani, na hatua ya mwisho iwe kuzima jiko. Mwanzoni yeye afanye ile hatua ya mwisho tu na we ufanye zilizotangulia, halafu mbili za mwisho, hivyohivyo kurudi nyuma, kwa njia hii kila siku anamaliza kitu badala ya kushindwa katikati. Kwa anayesahau gesi, asipike peke yake, nukta.

Barabarani. Hapa naomba usikilize vizuri. Tanzania, Kenya na Uganda magari yanaendeshwa kushoto, kwahiyo ukivuka, nusu ya kwanza ya barabara gari zinatoka kulia, nusu ya pili zinatoka kushoto. Mtu anayesahau upande wa kushoto atavuka nusu ya kwanza salama kabisa, anaonekana amepona, halafu nusu ya pili haoni kinachokuja. Asivuke peke yake mpaka mtaalamu amhakikishie, na akivuka na mtu, mtu akae kushoto kwake. Bodaboda haifai, inataka kiwiliwili kinachojisawazisha kila kona. Daladala ya kusimama nayo haifai. Bajaji au taksi, aingie kwa makalio kwanza, akae, ndo aingize miguu.

Simu na hela. Anaweza kutembea vizuri mpaka dukani na akashindwa chenji, au akatuma hela namba siyo, au akampa tapeli namba ya siri. Msimnyang'anye simu, inamvunja moyo mtu aliyekuwa analisha familia. Aache kiasi kidogo kwenye simu, kubwa likae benki, na kila muamala asome namba na jina kwa sauti kabla ya kubonyeza akiwa na mtu pembeni.

Kwa anayesahau upande mmoja

Kazi ni kumfundisha kutafuta, maana macho yake yanaweza kuwa yanaona ila ubongo hauendi huko. Weka tepu nyekundu ukingo wa kushoto wa meza na wa trei ya chakula, umwambie asianze kula mpaka macho yaikute tepu. Mlangoni vilevile, tepu kwenye fremu ya kushoto. Wakati wa kupiga stori ukae upande huo mnapokuwa mmetulia, aje kukutafuta kwa macho. Ila vitu vya usalama, kengele, maji, tochi, fimbo, viwe upande anaouona. Vifuniko vya soda vinageuka mazoezi, kila siku aviokote akianzia kushoto. Na mkono wa kushoto usiachwe unaning'inia pembeni ya kiti, ukanasa kwenye tairi la kiti cha magurudumu yeye hana habari. Breki za kiti hicho pia, ile ya kushoto ndo inayosahaulika, fundi anaweza kurefusha mpini wake kwa kipande cha bomba chenye rangi kali.

Vitu vinavyoharibu balansi na akili kwa pamoja

Ukiona siku moja amerudi nyuma bila sababu, usiseme mazoezi hayafai. Angalia haya kwanza. Uchovu: baada ya kiharusi uchovu ni mkubwa kuliko kazi aliyofanya, kwahiyo mambo magumu yafanyike asubuhi, na jioni muwe makini zaidi. Dawa: za presha zikizidi au zikigongana zinashusha presha akiinuka, za usingizi na hata Piriton ya mafua zinalewesha, kila dawa mpya iulizwe. Lakini asiache za presha kwa uamuzi wake, kiharusi cha pili ndo kinachomaliza watu. Sukari kushuka kwa mwenye kisukari, UTI, malaria, kukosa maji mwilini, hivi vyote kwa mgonjwa wa kiharusi vinaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa na kuyumba kabla ya homa kuonekana. Miwani chafu au iliyopotea. Na huzuni. Sonona baada ya kiharusi ni ya kawaida sana, inampunguzia umakini, usingizi na hamu ya kujaribu, na watu wanaiita uvivu. Inatibika, isemwe kliniki.

Akianguka

Usimnyanyue haraka. Mwache palepale, muulize panapouma, angalia kichwa, nyonga na mkono. Mguu ukionekana mfupi au umegeukia nje, au hawezi kuusogeza kwa maumivu, usimsimamishe, tafuta usafiri wa kumlaza. Akigonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama aspirini, klopidogreli au wafarini, aende hospitali hata kama anaongea vizuri. Kama yuko salama, ageukie upande mzima, ajisukume kwa kiwiko mpaka akae, apige magoti, mlete kiti imara mbele yake, aweke mkono mzima juu ya kiti, apandishe mguu wenye nguvu, asukume, na mtu wa pili anamuwekea kiti kingine nyuma akae. Halafu uandike: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, nani alikuwa anamuongelesha, amevaa nini miguuni, taa ilikuwaje. Ukiwa na matukio matatu kwenye daftari utaona yanafanana.

Ukienda kliniki

Beba hilo daftari. Ukiulizwa anaendeleaje usijibu "anajitahidi". Sema anaoga amekaa ila anasahau kufunga maji, anatembea mita kadhaa akiwa kimya lakini akiongeleshwa anasimama. Hiyo inampa fizio na daktari kitu cha kushika. Unaweza kusikia majina ya vipimo. Berg ni cha balansi, kina vipengele 14 na alama 56 kwa jumla. MoCA ni cha utambuzi, yaani kumbukumbu, umakini na kupanga, alama 30, na kwa kuwa kinaathiriwa na elimu, mwambie anayepima mgonjwa alisoma mpaka darasa la ngapi na lugha gani anaielewa zaidi, pamoja na shida yoyote ya kuongea au kuona. Barthel ni cha shughuli za kila siku, alama 100, kinauliza kula, kuoga, choo, ngazi na kadhalika. Kwa maoni yangu Barthel peke yake inadanganya familia, mtu anaweza kupata alama za juu kabisa na bado asiweze kuachwa peke yake na jiko, maana hakiulizi kupika, hela wala barabara. Kwahiyo akipimwa mguu tu, uliza wazi: na umakini wake? Na upande wa kushoto anauona? Kama hospitali ina mtaalamu wa okupesheno, omba umuone, kazi yake ndo hii hasa ya kuunganisha mwili, akili na shughuli za nyumbani.

Maendeleo ya haraka yanaonekana zaidi miezi mitatu ya mwanzo, lakini watu wanaendelea kupata vitu vipya baada ya hapo, hasa kwenye shughuli wanazozirudia kila siku, kwahiyo mtu akikwambia miezi sita imepita basi imekwisha, usikubali.

Na kuna mambo ya kukimbilia hospitali muda huohuo, usiku hata kama ni saa tisa, usisubiri asubuhi wala usimpe kitu cha kunywa: uso umepinda ghafla, mkono au mguu umeishiwa nguvu upya, maneno yamekuwa hayaeleweki, kichwa kinauma vibaya kuliko kawaida yake, degedege, haamki vizuri, au amechanganyikiwa ndani ya saa chache wakati jana alikuwa sawa. Andika saa uliyomuona mara ya mwisho akiwa sawa, ndo swali la kwanza utakaloulizwa mapokezi.